Uyoga wa mabaki ya mkonge na silaha yake dhidi ya bakteria

Tanga inajulikana kwa mkonge. Wanaoishi karibu na mashamba wanajua pia kwamba nyuma ya korona, ile mashine ya kuchakata majani, kuna marundo ya mabaki, na juu ya marundo hayo huota uyoga mdogo wa kijivu unaochumwa na kupikwa. Mwaka 2014 watafiti nchini Uswisi walitangaza kwamba kuvu wa aina hiyo hiyo, aliyekuzwa maabara, anatengeneza protini ndogo inayoua bakteria. Waliipa jina la kopsini.

Katika makala haya tunaeleza uyoga huo ni upi, kopsini inafanyaje kazi, na kwa nini vitu vya namna hii, ambavyo wataalamu huviita peptidi zinazoua vijidudu, vinatafutwa kwa bidii duniani. Tunaeleza pia kwa nini kula uyoga huu si tiba, na kwa nini habari yake inamhusu kila anayenunua antibiotiki kwenye duka la dawa.

Uyoga wenyewe ni upi?

Mkonge haukuanzia kwetu. Asili yake ni Mexico, upande wa Yucatan. Mjerumani Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na mwaka 1893 miche 62 tu iliyosalimika safarini ikafika Tanga na kupandwa upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoenea Muheza, Korogwe, Mkinga na kwingineko.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, kinachopatikana ni kidogo. Katika kilo 100 za majani, singa kavu huwa kama kilo 4 hivi. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi kimekuwa kikitupwa. Rundo hilo likikaa siku kadhaa linaanza kuoza na kupata joto kwa ndani. Kuvu wengi hawalipendi joto hilo, lakini huyu wetu analifurahia. Anakua vizuri hata kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, sawa na joto la mwili wa binadamu.

Jina lake la kitaalamu ni Coprinopsis cinerea. Hadi mwaka 2001 aliitwa Coprinus cinereus, na maandishi mengi yanayohusu uyoga wa Tanzania bado yana jina hilo la zamani. Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kinyesi, kwa sababu Ulaya uyoga huu unafahamika zaidi kwenye samadi ya farasi. Sehemu ya pili ni Kilatini, na maana yake ni rangi ya majivu.

Ukiuona asubuhi una kofia mfano wa yai dogo, yenye magamba meupe na ya kijivu. Kofia hufunguka kama mwavuli, na baada ya saa chache huanza kuyeyuka yenyewe na kudondosha maji meusi kama wino. Ndiyo maana huchumwa mapema na kupikwa siku hiyo hiyo. Ukiuweka mpaka kesho, utakuta umebaki wino.

Wataalamu wa Tanzania wameushughulikia uyoga huu kwa muda sasa. Mwaka 2008 Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake walichapisha utafiti wa kuotesha aina tatu za uyoga wa kienyeji unaolika, huu ukiwa mmojawapo, juu ya mabaki ya mkonge yaliyoozeshwa. Lengo lilikuwa chakula na kipato, na kupunguza taka. Habari ya kuua bakteria ilikuja baadaye, na kutoka mbali.

Kwa nini kuvu anahitaji silaha?

Kabla ya kuendelea, tuweke maneno sawa. Kuvu, au fangasi, ni ukoo mkubwa wa viumbe. Ukungu unaoota kwenye mkate, hamira inayoumua mandazi, na uyoga wa kichuguu, wote ni wa ukoo huo. Uyoga tunaouona juu ni sehemu ya kuzalia tu. Kiumbe mwenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotambaa ndani ya rundo, kama mizizi, na hizo ndizo zinazokula.

Kuvu hana tumbo. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, vikasaga chakula hapo hapo, kisha yeye akafyonza kilicholainika. Ni kama mtu anayepika uani bila ukuta: chakula kikiiva, kila jirani anakiona. Na majirani wa kuvu ni bakteria, ambao baadhi yao, wakipata joto na chakula, huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kuvu anakua polepole na hawezi kukimbia. Asipolinda chungu chake, atalala njaa.

Kwa hiyo kuvu wengi humwaga, pamoja na vimeng'enya, vitu vya kuwazuia bakteria. Baadhi ya vitu hivyo ni peptidi.

Hapo ndipo walipoanzia watafiti wa chuo cha ETH Zurich, wakiwemo Andreas Essig, Markus Künzler na Markus Aebi. Walimkuza kuvu huyu pamoja na aina mbalimbali za bakteria, wakaangalia nani anamshinda nani. Kisha wakachunguza majimaji waliyokulia na kukitafuta kilichokuwa kikiwaua bakteria. Wakakipata: kopsini. Utafiti wao, walioufanya wakishirikiana na wenzao, ulichapishwa mwaka 2014 katika Journal of Biological Chemistry.

Ieleweke kwamba kuvu wa Zurich hakuchukuliwa kwenye rundo la Tanga. Alikuwa wa maabara, wa aina moja na huyu wetu. Ni kama muhogo wa Muheza na muhogo wa Mtwara: zao ni lile lile, ingawa mbegu na shamba ni tofauti.

Peptidi ni nini?

Chukua uzi na utunge shanga. Kila shanga ni asidi amino, kitu kidogo ambacho miili ya viumbe vyote hukitumia kujijenga. Uzi wenye shanga chache huitwa peptidi. Ukiwa mrefu na kujikunja kwa umbo maalumu, huitwa protini. Mpaka kati ya maneno hayo mawili si mkali, na kopsini iko karibu na mpaka huo: ina shanga 57. Kwa kulinganisha, insulini wanayodungwa wagonjwa wa kisukari ina 51.

Kinachoipa kopsini nguvu ni namna uzi wake ulivyofungwa. Umejikunja na kushikizwa kwa vifungo sita vya salfa, na ncha yake moja imezibwa ili isiguguniwe. Matokeo yake ni kwamba watafiti waliichemsha, wakaiwekea vimeng'enya vinavyosaga protini, na bado ikaweza kuua bakteria. Protini nyingi haziwezi kuvumilia hivyo. Yai likichemshwa, ute wake hugeuka mweupe na kuwa mgumu kwa sababu protini zake zimepoteza umbo.

Kopsini ni ya kundi linaloitwa difensini, yaani walinzi. Kundi hili halipatikani kwa kuvu peke yake. Ngozi yetu na utumbo wetu hutengeneza difensini. Mimea inazo, na hata mbu anazo. Ni silaha ya zamani sana ambayo viumbe vingi wanayo, kila mmoja kwa namna yake.

Inaua bakteria kwa njia gani?

Bakteria amezungukwa na ukuta mgumu unaomzuia asipasuke. Anapokua, lazima auongeze ukuta huo, tofali juu ya tofali. Tofali hutengenezwa ndani, kisha hubebwa na kupitishwa kwenye utando hadi nje, mahali pa ujenzi. Tofali hilo likiwa pamoja na mbebaji wake huitwa lipidi ya pili.

Kopsini hulidaka tofali hilo likiwa bado halijawekwa mahali pake. Ujenzi unasimama, ukuta unadhoofika na bakteria anakufa. Sisi binadamu hatuna ukuta wa namna hiyo kwenye chembe zetu. Kwa sababu hiyo, dawa inayoshambulia ukuta ina nafasi nzuri ya kumuua bakteria bila kumdhuru mgonjwa.

Kuna jambo jingine lililowavutia watafiti. Ziko dawa nyingine zinazoshika tofali hilo hilo, ikiwemo vankomaisini, dawa ya hospitali inayotunzwa kwa ajili ya maambukizi mazito. Vankomaisini hushika ncha ya mwisho ya mkia wa tofali, na baadhi ya bakteria wamejifunza kuibadilisha ncha hiyo ili dawa isipate pa kushika. Kopsini nayo hutegemea sehemu ya katikati ya mkia, shanga ya tatu kati ya tano.

Katika majaribio ya maabara kopsini iliwaua bakteria wa aina kadhaa wanaosumbua watu. Mmoja ni Enterococcus faecium, anayewapata zaidi wagonjwa waliolazwa. Mwingine ni Listeria monocytogenes, anayeenea kupitia chakula. Huyu wa pili Afrika inamfahamu. Mwaka 2017 na 2018 mlipuko wa ugonjwa wake nchini Afrika Kusini, uliotokana na nyama za kusindikwa, uliwaugua watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200.

Lakini kopsini ina mipaka. Imeonekana kuwaua bakteria wa kundi linaloitwa gramu chanya, ambao ukuta wao uko wazi kwa nje. Kundi la pili, gramu hasi, lina utando mwingine juu ya ukuta, kama nyumba iliyozungushiwa uzio, na silaha nyingi za namna hii hukwama kwenye uzio huo. Humo ndimo walimo E. coli, anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo, na Klebsiella, anayesumbua wodi za watoto wachanga. Kwa hiyo hata kopsini ikifanikiwa siku moja, haitamaliza kila tatizo.

Ndugu zake wako tayari kabatini

Pengine msomaji anadhani haya ni mambo ya maabara ya mbali. Fungua kabati la dawa nyumbani kwako. Kama kuna amoksilini, vile vidonge vya rangi mbili, basi unacho kitu kilichotokana na peptidi ya kuvu. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona London kwamba ukungu wa Penicillium ulikuwa umewaua bakteria kwenye sahani yake. Penisilini inayotengenezwa na ukungu huo huanza kama peptidi ya shanga tatu tu, kisha kuvu huikunja na kuibadilisha. Amoksilini hutengenezwa kwa kuirekebisha penisilini.

Sindano ya seftriaksoni inayotolewa hospitalini ina historia kama hiyo. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, daktari wa kisiwa cha Sardinia, Italia, alimpata kuvu kwenye maji ya bahari karibu na mdomo wa bomba la maji taka, naye alikuwa akitengeneza kitu kinachoua bakteria. Kutokana naye likapatikana kundi zima la dawa, na seftriaksoni imo. Dawa ya kaspofungini, inayotibu maambukizi mazito ya fangasi, ilitokana pia na peptidi ya kuvu na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Utaona mahali zilipotokea: ukungu kwenye sahani iliyochafuka, maji taka, samadi, rundo linalooza. Si bahati tu. Pale penye chakula kingi na bakteria wengi ndipo kuvu analazimika kuwa na silaha kali.

Je, nikila uyoga huu nitapona?

Hapana. Tunalisema wazi, kwa sababu habari za namna hii zikifika mtaani hugeuka haraka kuwa tangazo la tiba.

Mtu anaweza kuuliza: si mmesema kopsini haiharibiwi na moto wala na vimeng'enya? Ni kweli, lakini kutoharibika si sawa na kufika panapohitajika. Peptidi ya ukubwa huo haipenyi kirahisi ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Ndiyo maana insulini hudungwa, haimezwi. Kidonda kilichooza, nimonia au maambukizi ya damu havitafikiwa na mchuzi wa uyoga. Zaidi ya hayo, dawa ina kipimo. Kidonge cha miligramu 250 kina miligramu 250, lakini uyoga uliochumwa rundoni haumpimii mtu.

Kupaka maji ya rundo au uyoga uliosagwa kwenye kidonda ni hatari zaidi, kwa sababu rundo hilo hilo limejaa bakteria wengine ambao kopsini haiwagusi.

Kama mboga, uyoga huu umekuwa ukiliwa. Hata hivyo, asiyeujua asijaribu kuuchuma peke yake. Una ndugu yake, Coprinopsis atramentaria, anayemfanya mtu augue akinywa pombe karibu na wakati alioula. Na ule uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za uani, Chlorophyllum molybdites, una sumu inayoleta matapishi na kuhara vibaya. Mwenye kuchuma awe na anayeujua uyoga kwa macho.

Kwa nini bado si dawa?

Tangu mwaka 2014 kopsini haijafika kwenye duka la dawa. Haiko peke yake. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walitangaza plektasini, difensini ya kwanza kupatikana kwa kuvu, iliyotoka kwenye kuvu mweusi wa misitu ya misonobari. Ilileta matumaini makubwa, na matoleo yake yaliyoboreshwa yamefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, lakini mgonjwa hawezi kuinunua.

Sababu ni kadhaa. Kwanza, kutengeneza peptidi kwa wingi ni ghali. Watafiti wa Zurich walilazimika kuipandikiza jeni ya kopsini kwenye kuvu wa jamii ya hamira ili wapate kiasi cha kutosha kwa majaribio. Pili, dawa nyingi za namna hii lazima zidungwe, na zahanati za vijijini zinahitaji vidonge. Tatu, kuua bakteria kwenye sahani ni mwanzo tu. Lazima ijulikane kama dawa inadhuru figo, inakaa mwilini kwa muda gani, na inamponya mgonjwa au haimponyi. Majaribio hayo huchukua miaka mingi, na dawa nyingi hukwama njiani. Nne, antibiotiki mpya ikipatikana hutunzwa kwa ajili ya wagonjwa walioshindikana, kwa hiyo haiuzwi kwa wingi, na makampuni makubwa hayavutiwi na biashara ya namna hiyo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa sugu kwa dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumizwa zaidi.

Hapa kwetu tatizo lina sura yake. Katika Hospitali Teule ya Muheza, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwachunguza watoto zaidi ya 3,600 waliolazwa wakiwa na homa. Eneo hilo lilikuwa na malaria nyingi, lakini karibu mtoto mmoja kati ya kila 10 alikutwa na maambukizi mazito ya bakteria. Na sehemu ya bakteria hao hawakuuawa na antibiotiki zilizokuwa zikipendekezwa kwa watoto kama hao. Mzazi aliyefika na mtoto mwenye homa Muheza hakuhitaji kusikia habari za Zurich ili aelewe uzito wa dawa isiyofanya kazi.

Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa mwaka 2017, na mpango wa pili ukafuata kwa miaka ya 2023 hadi 2028. Lakini mpango wa makaratasi haumfikii mtu anayenunua vidonge vinne vya amoksilini kwa ajili ya mafua. Mafua husababishwa na virusi, na virusi hawana ule ukuta tuliouzungumzia. Dawa haina cha kubomoa. Inachofanya ni kuwaua bakteria dhaifu waliomo mwilini na kuwaachia uwanja walio sugu. Fleming mwenyewe alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, hesabu inakuwa rahisi kuiona. Kutoka kwenye rundo hadi kidonge ni safari ya miaka mingi ambayo aghalabu haifiki mwisho. Kuipoteza dawa iliyopo kwa kuitumia ovyo huchukua muda mfupi zaidi. Kwa hiyo antibiotiki inunuliwe kwa cheti cha mtoa huduma aliyempima mgonjwa, inywewe kwa siku zote zilizoandikwa, isigawanywe kwa jirani, na isipewe kuku ili wakue haraka.

Marundo yetu nayo yana kazi nyingine ya kufanya. Hale, wilayani Korogwe, mabaki ya mkonge yamewahi kutumika kuzalisha biogesi na umeme. Utafiti wa Dar es Salaam umeonyesha kwamba yanaweza kuotesha uyoga wa kula. Na kuvu wanaoishi humo, kwenye joto na ushindani wa pwani yetu, ni hazina inayostahili kuchunguzwa na wanasayansi wetu wenyewe, katika maabara zetu wenyewe, kabla ya kutangaziwa na wengine kilichomo uani kwetu.